Soko la Fedha Lina Milango Miwili

Msanifu wa programu za simu anapotajwa, watu wengi humfikiria fundi wa kuchagua rangi, kupanga vitufe na kupamba kioo. Dhana hiyo ina upungufu, na katika mambo ya fedha upungufu huo huleta hasara. Anayesanifu njia ambayo kwayo mtu hutuma, hupokea au hukopa fedha huamua mambo mazito: nani atangoja, nani atalipa, na nani atabeba hasara mambo yakiharibika. Kazi hiyo ina kanuni zake na vipimo vyake kama ilivyo kazi ya mjenzi wa daraja. Ni jambo la kusikitisha kwamba vijana wa sekondari, ambao karibu wote wameishuhudia kazi hiyo kwenye simu za wazazi wao, hawaoneshwi kuwa ni sehemu ya sayansi.

Hoja ya makala haya ni moja. Soko la fedha la simu lina milango miwili, na msanifu anayeutazama mlango mmoja tu hujenga nusu ya soko. Gharama ya nusu iliyobaki hulipwa na mtu ambaye hakuitwa wakati wa kupanga.

SOKO LA PANDE MBILI NI NINI?

Lichukuliwe soko la mji wowote. Mwenye jengo hauzi nyanya wala samaki. Kwa wachuuzi huuza ujio wa wanunuzi; kwa wanunuzi huuza uwepo wa wachuuzi. Upande mmoja ukikosekana, upande wa pili hauna sababu ya kuja. Soko la namna hiyo wachumi huliita soko la pande mbili. Mwaka 2003 wachumi wawili wa Ufaransa, Jean-Charles Rochet na Jean Tirole, walichapisha uchambuzi uliokuja kuwa msingi wa elimu hiyo. Tirole alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2014 kwa uchunguzi wake juu ya nguvu za makampuni makubwa sokoni na jinsi ya kuyadhibiti.

Kiini cha uchambuzi wao ni rahisi kukieleza darasani. Katika soko la kawaida, lililo muhimu ni bei yenyewe. Katika soko la pande mbili, mgawanyo wa bei kati ya pande hizo nao ni muhimu. Ichukuliwe kwamba muamala mmoja unagharimu shilingi 100 kwa jumla. Shilingi hizo zote zikitozwa upande wa kwanza, au zote upande wa pili, au 50 kwa 50, jumla ni ile ile. Lakini idadi ya watu watakaolitumia soko hilo inaweza kutofautiana sana. Mwenye soko hana budi kujua ni upande upi unaokimbia upesi ukitozwa, na ni upande upi unaovumilia.

Tatizo la pili ni la kuanza. Nani ataingia kwanza katika soko tupu? Historia ya kadi za mikopo inatoa mfano maarufu. Mwezi Septemba 1958, Bank of America iliwapelekea wakazi wa mji wa Fresno, katika jimbo la California, kadi 60,000 ambazo hawakuwa wameziomba. Benki ilitaka kuwaonesha wenye maduka kwamba wateja wapo tayari. Upande mmoja ulijazwa kwa siku moja, na upande wa pili ukafuata. Lakini kadi ziliibwa, madeni mengi hayakulipwa, na benki ikapata hasara kubwa. Mwaka 1970 sheria ya Marekani ilipiga marufuku kumpelekea mtu kadi ya mkopo asiyoiomba. Soko lilifaulu kuanza, lakini waliobeba mzigo wa mwanzo huo hawakuwa wameulizwa. Jambo hilo limerudiwa mara nyingi tangu wakati huo, kwa sura nyingine.

JARIBIO LA THIKA NA NAIROBI

Mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Afrika ya Mashariki ni M-Pesa. Jaribio lake lilianza Oktoba 2005 huko Nairobi na Thika, likiwa na maduka 8 ya mawakala na wateja wasiofika 500. Kusudi la awali lilikuwa jembamba: watu waliokopa kwa Faulu Kenya, chombo cha mikopo midogo, wapokee na kulipa mikopo yao kwa simu. Wapangaji waliona pande mbili tu, mkopeshaji na mkopaji.

Watumiaji waliona mengine. Baadhi yao walilipana wao kwa wao katika biashara zao. Wengine waliweka fedha kwa wakala asubuhi kabla ya safari, kisha wakazitoa jioni walikofika, ili wasiporwe njiani. Wengine walinunua muda wa maongezi kwa ajili ya ndugu walioko mashambani. Kwa upande mwingine, chombo cha mikopo kiliona taabu kulinganisha hesabu zake na za mtambo, na vikundi vya wakopaji vilikutana kwa nadra, ilhali nguvu ya vikundi hivyo ilitokana na kukutana. Wapangaji hawakung'ang'ania mpango wa kwanza. Huduma iliyofunguliwa kwa Kenya nzima na Safaricom mwezi Machi 2007 iliacha suala la mikopo na kushika jambo moja: kutuma fedha nyumbani. Kabla ya kutimiza mwaka ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 1.

Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hakuna mtaalamu, awe mwenye digrii ngapi, ambaye angebuni akiwa ofisini kwamba simu itageuka kuwa mkoba wa msafiri wa basi. Jambo hilo lilijulikana kwa kutazama, na kutazama kwa utaratibu ndiyo hatua ya kwanza ya kila sayansi.

NANI ABONYEZE KWANZA?

Ndani ya huduma hiyo mna uamuzi mdogo ambao wengi wameutumia maelfu ya mara bila kuutafakari. Mteja anapoweka fedha, wakala ndiye anayebonyeza simu yake. Mteja anapotoa fedha, mteja ndiye anayebonyeza. Kwa nini isiwe vinginevyo?

Jibu ni kwamba anayeachia thamani iliyomo katika simu ndiye anayepaswa kutia namba yake ya siri. Katika kuweka, wakala huachia floti yake na kupokea noti. Katika kutoa, mteja huachia salio lake na kupokea noti. Kisha ujumbe huwafikia wote wawili, ili asiwepo wa kusema kwamba hakuona. Juu ya hayo lipo daftari lililotandazwa mezani, linaloandikwa tarehe, kiasi na namba ya simu, na kutiwa sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wasanifu hawakuuondoa usemi huo, bali waliupa daftari la pili ndani ya simu. Watu wawili wasiojuana, katika kibanda cha mabati, wameweza kukabidhiana fedha bila karani wa benki kwa sababu utaratibu huo haumpi yeyote kati yao nafasi ya kumpokonya mwenzake kirahisi.

Lugha nayo ni sehemu ya utaratibu huo. Maneno "namba ya siri" humweleza mwenye simu wajibu wake bila kamusi. Hata hivyo, asiyejua kusoma humpa wakala au mjukuu simu pamoja na namba hiyo, na siri ikatoka. Aliyesanifu kwa ajili ya msomaji peke yake amemwacha mtu huyo nje ya ulinzi ambao mtambo unajivunia.

WAKALA, UPANDE UNAOSAHAULIWA

Wasanifu wengi hujifunza kumjali mteja. Wakala huonekana kama sehemu ya samani za duka, ilhali yeye ndiye mlango wa pili wa soko. Hesabu yake inafanana na kanuni ya fizikia isemayo kwamba kitu hakipotei bali hubadilika umbo. Wakala akianza siku na noti za shilingi 500,000 na floti ya shilingi 500,000, kila mteja anayeweka huongeza noti na kupunguza floti kwa kiasi kile kile. Kila anayetoa hufanya kinyume. Jumla hubaki shilingi 1,000,000, ukiacha kamisheni yake. Lakini jumla hiyo haimsaidii kitu siku noti zimekwisha na mbele yake wamesimama watu watano wanaotaka kutoa.

Tena, upungufu hauji kwa bahati nasibu. Fedha nyingi hutoka mijini kwenda vijijini. Kwa hiyo wakala wa mjini mara nyingi huishiwa floti, na wa kijijini huishiwa noti. Wa kijijini hulazimika kufunga kibanda na kupanda gari kwenda mjini kutafuta noti, akiwa na hatari ya kuporwa na hasara ya wateja waliomkosa. Mkono mtupu haulambwi, na wakala asiye na noti hana mteja. Mteja aliyerudishwa mara tatu hamlaumu wakala peke yake. Hupoteza imani na soko zima, na fedha yake huirudisha chini ya godoro.

Ni wazi basi kwamba anayetaka kumtumikia mteja wa kijijini hana budi kumsanifia wakala kwanza: apate kuona mapema mwelekeo wa noti na floti yake, apate kubadilishana na wakala jirani bila safari ndefu, na kamisheni yake ilingane na gharama ya kutafuta noti. Mambo hayo hayaonekani katika kioo cha mteja, lakini bila hayo kioo hicho hakina kazi.

SOMO LA "NA YA KUTOLEA"

Nchini Tanzania mtu anayeombwa fedha huambiwa, "Tuma na ya kutolea." Usemi huo mfupi una elimu kubwa. Kwa kawaida kuweka fedha ni bure, anayetuma hutozwa ada ya kutuma, na anayepokea hutozwa ada ya kutoa. Wananchi waliona kwamba ada imewekwa kwenye mlango wa pili, kwa ndugu ambaye mara nyingi ndiye mwenye shida, wakaihamishia kwenye mlango wa kwanza kwa mapatano yao wenyewe. Hawakumsoma Rochet wala Tirole, lakini walijua kwamba mgawanyo wa bei ni jambo la haki.

Msanifu makini huuchukua usemi wa namna hiyo kama kipimo. Unamwambia kwamba watumiaji wanafanya hesabu ambayo ingefaa mtambo uwafanyie. Hesabu yenyewe ina mtego: kwa kuwa ada hupangwa kwa madaraja, kuongeza ya kutolea kunaweza kukipandisha kiasi hadi daraja la juu zaidi, na ada ikapanda tena. Mzee aliyesimama mbele ya jedwali la ada lililobandikwa ukutani hapaswi kufanya mtihani wa hisabati ili amtumie mwanawe nauli.

Gharama zinapoongezeka juu ya milango yote miwili kwa pamoja, mambo huwa mazito zaidi. Mwezi Julai 2021 tozo ya miamala ilianza nchini Tanzania, ikiwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, katika kutuma na katika kutoa. Malalamiko yalikuwa makubwa, na Septemba mwaka huo huo tozo hiyo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Haja ya taifa kukusanya mapato haina ubishi. Lakini tukio hilo linaonesha kwamba mgawanyo wa gharama katika soko la pande mbili huzungumzwa na wananchi wote, na wala si siri ya wataalamu.

WEPESI WENYE MADHARA

Wapo wanaosema kwamba kazi ya msanifu ni kuondoa vikwazo: hatua chache, maneno machache, haraka. Kanuni hiyo ni njema hadi mahali fulani. Kwa muda mrefu mtu aliyekosea tarakimu moja alimtumia fedha mgeni, na jina la mpokeaji lilionekana baada ya fedha kwenda. Mwaka 2015 nchini Kenya iliongezwa hatua iliyoitwa Hakikisha, inayomwonesha mtumaji jina la mpokeaji kwanza na kumpa sekunde chache za kusitisha. Njia ilirefushwa kidogo, na huduma ikawa bora. Kumbe kikwazo kilichowekwa mahali pake ni kinga.

Katika mikopo jambo hili ni zito zaidi. Mwezi Novemba 2012 ilianza nchini Kenya huduma ya M-Shwari, iliyomwezesha mwenye M-Pesa kukopa bila kwenda benki. Kwa mtu aliyekuwa akimtegemea mkopeshaji wa mtaani, hiyo ilikuwa nafuu ya kweli. Ilipoanza, mkopo wa siku 30 ulitozwa ada ya asilimia 7.5. Mwanafunzi na azidishe kiwango hicho kwa miezi 12, atapata asilimia 90 kwa mwaka. Neno lililotumika lilikuwa "ada", wala si "riba". Halikuwa neno la uongo, lakini anayesoma "ada" hafikirii mwaka, na anayesoma "riba" hufikiria. Uchaguzi wa neno moja hubadilisha uamuzi wa mkopaji, na uchaguzi huo ni usanifu.

Baada ya hapo zilikuja programu nyingi za mikopo. Baadhi yake ziliomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina yaliyomo katika simu, kisha mkopaji alipochelewa, jamaa, mabosi na majirani wakapelekewa ujumbe wa kumwaibisha. Hapo soko lilipata upande wa tatu: watu ambao hawakukopa, hawakukopesha wala hawakukubali chochote. Kitufe cha "Kubali" kilichobonyezwa kwa haraka na mtu mwenye mtoto mgonjwa kiliwafunga watu wote waliomo katika simu yake. Kenya iliweka kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022, zinazokataza mwenendo huo, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikiendeshwa bila kibali. Sheria ilifika, lakini ilifika baada ya aibu.

JE, MSANIFU ANA MAMLAKA GANI?

Itasemwa kwamba lawama hizi zinamwangukia mtu asiyestahili. Msanifu ni mwajiriwa. Ada huamuliwa na wenye mtaji, kamisheni na mkataba, tozo na serikali. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, wala haifai kupuuzwa. Hakuna mchoro wa kioo utakaoshusha bei ambayo wakuu wameamua ipande.

Lakini mwaka 2016 mamlaka ya ushindani ya Kenya iliziagiza kampuni za huduma za fedha za simu zimwoneshe mteja gharama ya muamala kabla hajathibitisha. Agizo la mamlaka ya nchi lilihusu mistari michache ya maneno kwenye kioo kidogo. Kama mistari hiyo ingekuwa jambo dogo, mamlaka isingeingilia; na kama wasanifu wangeiweka tangu mwanzo, agizo lisingehitajika. Mwajiriwa hawezi kuamua bei, lakini mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kujua kwamba bei imefichwa. Daktari naye ni mwajiriwa, na mhandisi pia. Hata hivyo jamii huwadai miiko. Wakati umefika wa kumdai msanifu wa mifumo ya fedha miiko ya namna hiyo: asifiche gharama, asimfunge mtu asiyekuwepo, na asihesabu kazi imekwisha kabla ya kuketi upande wa pili wa meza.

KAZI YA SHULE

Walimu wa hisabati, uraia na kompyuta wanaweza kuanza bila maabara. Kikundi cha wanafunzi kiombe idhini ya wakala mmoja, kiketi pembeni kwa saa mbili, mbali na mahali pa kuonekana namba ya siri ya mtu yeyote. Wahesabu hatua kutoka salamu hadi risiti, wapime muda kwa saa ya mkononi, waandike ni wangapi waliomba kusaidiwa na ni wangapi walirudishwa kwa kukosekana noti au floti. Kisha wachore milango miwili ubaoni: kwa kila hatua, nani anabonyeza, nani anangoja, nani analipa. Hisabati nayo imo: watu 10 waliounganishwa wanaweza kutumiana kwa jozi 45, na watu 100 kwa jozi 4,950. Mwanafunzi atakayeeleza kwa nini watu wameongezeka mara 10 lakini jozi zikaongezeka mara 110 atakuwa ameelewa kwa nini kila mwenye mtandao hukimbilia kuwa mkubwa.

Kizazi kinachosoma sasa ndicho kitakachosanifu masoko yajayo: ya mazao, ya bima, ya akiba za vikundi. Kikifundishwa kupamba kioo tu, kitarudia makosa ya Fresno kwa lugha ya Kiswahili. Kikifundishwa kuketi kwanza kwa mteja, kisha kwa wakala, na kumkumbuka yule ambaye jina lake limo ndani ya simu ya mwingine, kitajenga masoko ambayo mzee asiyejua kusoma ataingia kwa mlango wowote na kutoka na fedha yake kamili.